Ahadi za Jumanne

Kikundi chetu kilikutana kila Jumanne saa tatu asubuhi, barazani kwa mwenyekiti wetu, Buguruni, Dar es Salaam. Wanawake 15, madaftari 15, na afisa mikopo mmoja wa taasisi iliyotukopesha, aliyefika na bodaboda, begi kalipakata kifuani. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka rejesho la kila mtu litimie. Mmoja akipungukiwa, wenzake wanamchangia hapo hapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana ya mkopo. Hatukuweka nyumba wala kiwanja, tuliwekana sisi kwa sisi.

Novemba 2021 nilichukua shilingi 3,000,000. Marejesho yalikuwa ya wiki 24, kila wiki 140,000, jumla 3,360,000. Nauza mitumba ya watoto, na wakati ule nilikuwa na kibanda soko la Karume. Desemba watu wanavalisha watoto kwa sikukuu, Januari shule zinafunguliwa, kwa hiyo rejesho lile halikunitisha. Nililipa wiki nane mfululizo. Jumapili ya tarehe 16 Januari 2022, alfajiri, Karume ikaungua. Nilifika kumekucha nikakuta majivu na mabati yaliyojikunja. Kibandani kwangu kulikuwa na belo mbili. Moja sikuwa hata nimeikata kamba.

Keshokutwa yake ilikuwa Jumanne.

Naandika haya kwa sababu wiki haipiti bila mtu kunifuata na suala la deni: jirani, mteja, mke wa rafiki ya mume wangu. Karibu wote wanakuja baada ya kuambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi, kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sipingani nayo. Ila mtu mwenye madeni matatu na mfuko mmoja, ukimwambia alipe hujamwambia kitu. Alipe nani kwanza? Kiasi gani? Kwa maneno gani? Kwangu majibu yalikuja kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulinigharimu kuliko moto wenyewe.

Jumanne ile sikwenda kikundini. Afisa alipiga simu saa nne, nikamwambia, "Kesho baba, kesho asubuhi nakutumia." Sikuwa na hata elfu ishirini. Nilisema kesho kwa sababu nilitaka simu ikatike. Mwenyekiti akapiga, nikamwambia Ijumaa. Mwenye mzigo aliyekuwa amenikopesha belo moja akapiga, nikamwambia mwisho wa mwezi. Kila nilipoahidi nilipata nafuu ya saa chache, nikaweza hata kula. Halafu siku niliyoitaja inafika, na mtu yule yule anapiga tena, safari hii ana haki ya kuniita mwongo.

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga kunipa pole. Akanisikiliza siku mbili nikijibu simu. Usiku wa pili akaniomba nimtajie watu wote niliowaahidi, niliwaahidi kiasi gani na lini. Tukaandika nyuma ya daftari la mtoto. Zilifika ahadi 11. Akaniuliza, "Mwanangu, katika hizi, ni ipi uliyoitoa ukiwa na hela yake mkononi?" Hakuna hata moja. Akasema, "Basi una madeni 11 mapya. Yale matatu ya zamani hujayagusa."

Ahadi ni deni: tumekua tunaambiwa hivyo, na nilidhani ni mafunzo ya adabu tu. Usiku ule niliona ni hesabu. Mdai akipewa tarehe anaipanga. Afisa anaiandika kwenye taarifa yake ya jioni, mwenyekiti anawaambia wenzake wasichange, mwenye mzigo anamwahidi mtu mwingine. Tarehe ikipita bure, deni la shilingi halijabadilika, lakini la kuaminika limeongezeka, na ni hilo utakalohitaji siku ya kuomba kupunguziwa.

Lakini kabla sijazinduka nilikuwa tayari nimefanya kosa kubwa zaidi. Wiki moja baada ya moto tulimfuata mtu anayekopesha mtaani, hii mikopo watu wanayoiita kausha damu. Alitupa 500,000. Riba asilimia 30 kwa mwezi, yaani kila mwisho wa mwezi 150,000, na ile laki tano inabaki pale pale mpaka siku utakayoileta yote kwa mkupuo. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Yule mkopeshaji alichukua kadi ya benki ya mume wangu na namba ya siri. Tena alitusainisha karatasi inayosema tumemuuzia friji na makochi. Neno mkopo halikuandikwa popote. Tulisaini tukiwa tumesimama, juu ya boneti ya gari lake.

Sehemu ya hela ile nilinunulia mzigo mdogo, nikatandika meza kando ya barabara. Iliyobaki niliwapoza nayo waliopiga simu kwa sauti kubwa, hasa mwenye mzigo. Hapo ndipo ninapowashika mkono wanaonifuata leo. Anayepiga kelele sana si lazima ndiye wa kulipwa kwanza. Jiulize nani ataumia usipolipa. Kelele zilitoka kwingine, lakini walioumia ni wenzangu 14 wa kikundi. Jumanne tatu mfululizo, tarehe 18, 25 na 1 Februari, kila mmoja alitoa 10,000 kwa ajili yangu. Jumla 420,000, kutoka kwa wauza mboga, wakaanga samaki, na mmoja aliyekuwa anasuka nywele akiwa na mimba ya miezi minane.

Na nilijua vizuri kikundi hufanya nini mtu akishindwa. Mwaka 2020 tulikwenda kwa mwenzetu mmoja tukabeba televisheni, meza na godoro. Mimi nilishika upande wa godoro. Mtoto wake alikuwa amekaa mlangoni anatuangalia. Wakati huo nilijiona nina haki, kwa sababu nilikuwa nimemlipia mara mbili. Baadaye sana nikaja kujua kwamba hata mahakama, baada ya kusikiliza kesi na kutoa hukumu, hairuhusiwi kufanya tulichofanya sisi. Sheria ya Mwenendo wa Madai inataja vitu visivyokamatwa kwa ajili ya deni, navyo ni pamoja na nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Godoro limo humo. Nimemwomba radhi yule mama, akanisamehe.

Baada ya shangazi kuondoka nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu, na hesabu hiyo haikuanza na tunachodaiwa. Ilianza na kinachoingia. Meza ya Buguruni, ukitoa mtaji na ushuru, ilikuwa inaniachia kama 18,000 kwa siku. Toa chakula, nauli za watoto, maji, umeme, na sehemu ya kodi iliyokuwa inaliwa na ile kadi. Ilibaki 6,000. Siku sita za kazi, 36,000 kwa wiki. Rejesho lilikuwa 140,000. Niliiandika ile 36,000 kwenye kiganja kwa kalamu, maana nilijijua: mtu akinikazia macho, nasema ndiyo.

Kwanza nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wetu Jumapili jioni, peke yangu, nikiwa nimebeba orodha ya waathirika wa moto kutoka kwa viongozi wa soko, jina langu limo. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia ukweli wote mpaka ule wa kausha damu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Ungekuja tarehe 18 na maneno haya, wenzako wasingekutukana." Kesho yake tukaongozana kwenda ofisini.

Tulikwenda tawini, kwa meneja. Yule kijana wa bodaboda hana mamlaka ya kukupunguzia. Ana lengo la makusanyo na bosi anayemuuliza kila jioni. Unaweza kumlilia mwezi mzima, akakuonea huruma kweli, na bado asiweze kufuta hata faini ya siku moja. Nimeona watu wanamaliza nguvu zao zote kwa mtu ambaye kazi yake ni kupokea tu. Ukienda kwa mwenye kalamu, nenda na karatasi: mkataba, daftari la marejesho, ushahidi wa kilichokupata, na maombi yaliyoandikwa. Yangu yalikuwa mistari minne. Kwamba nimelipa wiki nane kwa wakati. Kwamba nimeungua. Kwamba naomba faini zisimamishwe. Kwamba naweza kulipa 30,000 kwa wiki kuanzia Jumanne ya kesho.

Meneja alikuwa mstaarabu. Alipiga hesabu ya kilichobaki kwao baada ya wenzangu kunilipia, ikawa 1,820,000. Akasema, "Dada, nikusaidie. Fanya laki moja kwa wiki." Mwenyekiti akanigeukia. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshanifika mdomoni. Laki moja ilisikika kama huruma, na kweli ilikuwa huruma, kutoka laki na arobaini. Lakini sikuwa nayo. Nikafungua kiganja chini ya meza nikasoma. Nikamwambia, "Nikisema ndiyo leo, Jumanne ya pili utanitafuta. Thelathini utaipata kila wiki." Tukavutana. Alishuka mpaka hamsini, nikapanda hadi thelathini na tano, akaondoka kwenda kupiga simu, akarudi. Ikawa 35,000 kwa wiki 13, kisha 60,000, na faini zikasimama. Nikaomba iandikwe. Akaandika, akagonga muhuri.

Niliacha elfu moja tu ya kupumulia, na ilikuwa kidogo mno. Leo namshauri mtu abakize zaidi, maana mtoto akiugua homa wiki ya pili mpango unavunjika. Mimi watoto hawakuugua, na hiyo haikuwa akili yangu.

Jumanne tarehe 8 Februari nilifika barazani wa kwanza. Nililipa 35,000 mbele ya wote. Sikumbuki siku nyingine niliyohesabu noti kwa utulivu kama ule. Wiki 13 zikapita, 455,000. Biashara ikashika, nikaanza za 60,000, wiki nane, 480,000. Mwisho wa Juni deni la taasisi lilikuwa limebaki 885,000.

Hapo mume wangu akauza pikipiki yake, 750,000. Watu waliuliza kwa nini hakuiuza Januari. Januari laki saba na nusu ingemezwa na faini na malimbikizo, na siku ya pili tungedaiwa tena, tukiwa hatuna pikipiki. Fedha ya mkupuo ni silaha ya kutumia mara moja. Itunze mpaka siku itakapoweza kufunga deni zima. Nilirudi kwa meneja nikamwambia ninaweza kutoa 600,000 kwa pamoja, iwe mwisho. Akanikumbusha nadaiwa 885,000. Nikamwekea daftari mbele yake: wiki 21, hakuna niliyoruka. Tulikubaliana 700,000, wakasamehe 185,000.

Kisha akasema, "Lipa leo, barua itakuja." Alikuwa mtu mwema na sikumshuku. Lakini mameneja huhamishwa, na aliyekuja baada yake angeona kwenye kompyuta deni la 185,000 lililochelewa. Nikamwambia fedha ipo, naisubiri barua. Nilisubiri siku tisa, hela imefungwa kwenye kanga ndani ya sanduku, roho juu. Barua ilipotoka ilikuwa na jina langu, namba ya mkopo, kiasi kilichokubaliwa, tarehe ya mwisho ya kulipa, na maneno kwamba nikilipa kiasi hicho sitadaiwa chochote kingine. Nililipa saa hiyo hiyo kupitia akaunti ya taasisi. Mkononi mwa mtu sikumpa hata senti. Baadaye nikaomba barua ya pili ya kuthibitisha deni limefungwa, na nikawaomba wasahihishe taarifa zangu kwenye kumbukumbu za wakopaji, zile ambazo benki huzitazama kabla ya kukukopesha. Wengi wanasahau hatua hiyo, wakaja kukataliwa mkopo miaka mitatu baadaye kwa deni walilolimaliza.

Kausha damu alikuwa habari nyingine kabisa. Kila mwisho wa mwezi, kuanzia Februari hadi Oktoba 2022, alitoa 150,000 kwenye mshahara wa mume wangu. Mara tisa. Shilingi 1,350,000 kwa mkopo wa 500,000, na bado tulidaiwa 500,000.

Msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama mmoja mtulivu, ndiye aliyetufumbua macho. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, hata akiwa mtu mmoja. Wakopeshaji wa aina hiyo, ambao hawapokei akiba za watu, wamewekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Akachukua kalamu: asilimia 3.5 ya laki tano ni 17,500. Kwa miezi tisa, 157,500. Jumlisha mtaji, 657,500. Tulikuwa tumelipa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mume wangu aliinuka akatoka nje, akasimama ukutani muda mrefu.

Tulianza benki. Akaomba kadi mpya, akabadilisha namba ya siri, akachukua taarifa ya akaunti inayoonyesha kila muamala. Mwisho wa mwezi yule bwana alipokuta kadi haifanyi kazi, simu zikaanza. Akatishia polisi. Siku ya pili akapiga mtu aliyejitambulisha kama askari, akamtaka mume wangu afike kituoni kwa kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu. Nilitetemeka. Yule mama wa msaada wa kisheria akatueleza taratibu. Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai, linakwenda mahakamani. Udanganyifu ni jinai, lakini lazima uwe umedanganya tangu unachukua. Hata kifungo cha madai kipo kwenye sheria, ila njia yake ni mahakama na hukumu, si simu ya mtu. Tulimjibu kwa ujumbe mmoja wa maandishi: tuko tayari kukutana ofisi ya serikali ya mtaa, siku fulani saa nne, na mkataba aje nao. Yule askari hakupiga tena.

Alikuja. Alidai 650,000. Tuliweka taarifa ya benki mezani, mistari tisa imepigwa rangi. Mwenyekiti wa mtaa akamwomba leseni. Akasema iko njiani. Akatoa karatasi ya friji na makochi. Mwenyekiti akamuuliza alinunua friji hilo lini na mbona halijawahi kutoka nyumbani kwetu. Baada ya saa mbili akashuka hadi 100,000. Tulimpa, akarudisha kadi ya zamani na ile karatasi, akasaini mbele ya mashahidi kwamba hana anachotudai tena.

Wapo walionilaumu kwa laki ile. Wanasema sheria ilikuwa upande wetu, na ni kweli. Kama ningekuwa namshauri mtu mwenye nguvu na muda, ningemwambia asitoe. Sisi tulikuwa tumechoka, tunaishi mtaa mmoja naye, na watoto wetu wanapita mbele ya nyumba yake kwenda shule. Nilinunua usingizi, na bei nilikuwa nayo mkononi.

Mwaka 2024 mdogo wangu wa kiume akaingia kwenye mikopo ya simu. Alipokea 70,000, akatakiwa kurudisha 100,000 ndani ya siku saba. Siku ya nane ndugu, mwajiri, hata fundi wake wa viatu wakaanza kupata ujumbe wenye picha yake na neno tapeli. Alitaka kuvunja laini. Nikamwambia kabla ya yote awaandikie watu wake yeye mwenyewe: nimekopa kiasi fulani, nimechelewa, mtapata ujumbe wa matusi, naomba radhi, msilipe chochote. Alilia akiandika. Lakini jioni ile ile ujumbe uliofuata haukuwa na cha kufichua. Kisha tukahifadhi picha za kila ujumbe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimpi mkopeshaji ruhusa ya kumwaga majina ya simu yako namna hiyo, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Novemba mwaka huo Benki Kuu ilipotangaza programu 69 za kukopesha zisizo na leseni, ile yake ilikuwemo. Mtaji wa 70,000 aliurudisha, na risiti anayo. Mimi ndiye niliyemsisitiza. Alichokula alipe. Walichojiongezea kwa matusi hapana.

Nimewaacha mwisho wenzangu wa kikundi. Kila mmoja nilimdai, nasahihisha, kila mmoja alinidai 30,000. Hakuna karatasi iliyonilazimisha. Wengine walichukua nguo za watoto kwa bei ya jumla, wengine nilitoa elfu tano tano. Yule msusi aliyekuwa na mimba alihama kabla sijamfikia, na namba yake haikupatikana. Niliuliza kwa wasusi wa Buguruni, wakanielekeza Chanika. Nikampata 2023, saluni ya mabanzi kando ya njia ya vumbi, mtoto anacheza chini ya kiti. Nilimpa noti tatu. Akazihesabu, akazikunja kwenye pindo la kanga, kisha akaniuliza gauni la mtoto wa mwaka mmoja na nusu nauza shilingi ngapi.